Nilivyoivika nyumba ya watu turubai

Kosa lilianzia masikioni. Nilikuwa nasoma Amman, Jordan, jamaa mmoja wa darasani akanambia wikiendi twende Wadi Rum, kule jangwani, kwa bibi yake, anakaa beit shaar. Mi na Kiswahili changu nikasikia ubeti wa shairi, nikajua huyo bibi ni malenga, njia nzima natafuta vina nisije nikaumbuka. Kumbe shaar ni nywele bwana. Nyumba ya nywele za mbuzi, yani hema!

Tumefika, bibi mwenyewe, wote wanamwita hajja, kakaa chini, mtande, zile nyuzi ndefu za kufumia, umenyooshwa mchangani kwa vigingi anafuma ukanda mweusi mrefuu, kanda hizo ndo zinashonwa ubavu kwa ubavu zinakuwa paa, zikichakaa zinasogezwa pembeni katikati zinaingia mpya. Ukuta wa nyuma sasa ndo kituko, gunia la mchele, blanketi, sijui kanzu ya nani, vyote kaviunga pamoja, hajja hatupi kitambaa.

Mi nikajilaza chali, kuangalia juu naona jua linapenya kila mahali, yani paa kama kifumbu cha tui. Nikasema hawa wazee mvua ikija wamekwisha. Na jioni mawingu haya hapa.

Usiku usingizi haukuja, huruma imenijaa. Karibu na alfajiri nikatoka kimyakimya, nikavua turubai lililofunika majani makavu ya mbuzi kwenye pikapu, nikalirusha juu ya hema, kona moja kamba haikufika nikafunga kwa kikoi changu. Nikarudi kulala najisikia mtu mwema kweli, wakiamka watanishukuru.

Babu akaamka akawasha moto wa kahawa.

Dakika kumi hazikufika, moshi huo, hauna pa kutokea, watu wanatoka wanakohoa, mtoto analia, hajja kashika fimbo anatafuta adui. Adui niko nje natoa machozi kama wenzangu. Wakalivuta turubai kwa pamoja, kikoi kikachanika pande mbili, na mvua nayo ndo ikaanza. Hajja akanisukuma ndani nijionee, vitone viwili vitatu vikanidondokea puani, halafu basi, kukavu. Jamaa ananieleza huku amejishika mbavu, eti nywele zikikauka matundu yanapitisha moshi, zikilowa zinavimba zinaziba zenyewe. Nikawa mpole.

Ila kuna mtu akauliza, majani ya mbuzi yamefunikwa na nini?

Yalikuwa yameshalowa chapachapa. Asubuhi nzima nikayaanika hayo, peke yangu, mbuzi wote wamesimama wananiangalia.

Nilivyorudi kule mara ya pili nikakaribishwa chai, nikageuka, kikoi changu hicho hapo ukutani, kimeshonwa kati ya gunia la mchele na blanketi, na kwa nje kuna mbuzi anakitafuna matamvua.