Neno Utatu halimo kwenye Biblia: hiyo hoja ina uzito gani hasa?

Hoja yenyewe wengi mmeshakutana nayo. Mtu anasema nionyeshe neno Utatu kwenye Biblia, aya moja tu kuanzia Mwanzo mpaka Ufunuo, ukinionyesha naamini leo leo. Anayeamini Utatu anakimbilia Mathayo 28:19 na 1 Yohana 5:7, mwenzake anarudisha Yohana 14:28, "Baba ni mkuu kuliko mimi", wanarushiana aya mpaka usiku afu kila mtu anaondoka na imani ile ile aliyokuja nayo. Mimi naamini Utatu, yaani Mungu mmoja katika nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nasema mapema ili unisome ukijua nimesimama wapi. Lakini naona tunabishania mahali ambapo shida haipo, na upande wangu tuna majibu tunayatoa ambayo yanatuangusha wenyewe.

Tuanze na ukweli ambao haupingiki: neno halimo. Kwa Kigiriki, Theophilus wa Antiokia ndo anaandika "trias" karibu mwaka 180, na utatu anaousema yeye ni Mungu, Neno lake na Hekima yake. Kwa Kilatini ni Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa miaka ya 200, huyo ndo katuachia "trinitas". Na huyu huyu Tertullian kuna mahali ameandika kwamba kulikuwa na wakati ambapo Mwana hakuwepo, maneno ambayo miaka mia moja baadaye yangemuweka upande wa Arius, yule padre wa Alexandria aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Yaani aliyetupa neno mwenyewe hakuwa na mafundisho yote kama tunavyoyakiri leo kwenye Kanuni ya Imani. Mkristo anayesema mitume waliyafundisha haya yote kwa maneno haya haya anasema kitu ambacho historia haimuungi mkono, na mtu aliyesoma kidogo tu atamshinda, afu watu waliokuwa wanasikiliza watadhani imani yenyewe ndo imeshindwa.

Sasa je, neno kutokuwepo linamaanisha fundisho halipo? Hapa ndo naona wanaopinga Utatu nao wana deni. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya nayo haimo ndani ya Biblia, hakuna aya inayosema waraka wa Yuda umo na waraka wa Klementi haumo. Orodha ya zamani zaidi tuliyonayo yenye vitabu hivyo 27 kamili, bila kupungua wala kuzidi, iko kwenye barua ya Pasaka ya mwaka 367, na aliyeiandika ni Athanasius askofu wa Alexandria, mtetezi mkubwa kuliko wote wa Utatu. Kwa hiyo mtu anashika Agano Jipya lenye vitabu vile vile alivyovitaja Athanasius ili amwambie Athanasius kwamba mafundisho yake yamekuja baadaye mno.

Wanajibu, na jibu lao lina mashiko: kutambua vitabu sio kutunga mafundisho, injili nne na nyaraka za Paulo zilikuwa zinasomwa makanisani zamani sana kabla ya 367, kanisa lilikubali tu kile kilichokuwa tayari mikononi mwake. Sawa kabisa. Lakini ukikubali hivyo kwa vitabu inabidi ukubali kupima hivyo hivyo kwa ibada, maana watu walikuwa wanamwabudu Kristo zamani sana kabla ya mtaguso wowote, yaani kikao kikuu cha maaskofu. Karibu mwaka 112 gavana Mroma, Pliny, anamwandikia kaisari Trajan kwamba hawa Wakristo wanakusanyika kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Huyo hakuwa Mkristo, alikuwa anawahoji na kuwaua, hana faida yoyote ya kututetea.

Ile stori kwamba kaisari Constantine ndo aliutunga Utatu kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325 sitakaa nayo sana. Constantine huyo huyo alimpeleka Athanasius uhamishoni mwaka 335, na alipobatizwa akiwa karibu kufa mwaka 337 aliyembatiza ni Eusebius wa Nikomedia, rafiki wa Arius. Athanasius alifukuzwa mara tano kwa jumla. Mwaka 359 mwanae Constantine, Constantius, aliwabana maaskofu kule Rimini mpaka wakasaini kanuni isiyo na lile neno la Nikea, "homoousios", nitakalolieleza hapo chini. Kwa hiyo kama nguvu za dola ndo zingeamua, kwa miaka mingi zilikuwa upande mwingine. Ila nisiwe nachagua historia inayonipendeza: mwaka 380 kaisari Theodosius aliifanya imani ya Nikea kuwa sheria ya dola, na mtaguso wa Konstantinopoli wa 381 ulikaa chini ya kivuli hicho. Na mwaka 1553 kule Geneva, kwenye mji wa watu waliosema Maandiko peke yake, Michael Servetus alichomwa moto akiwa hai kwa sababu aliyasoma Maandiko peke yake akaona Utatu haumo. Hilo silitetei na sitaki kusikia mtu analitetea. Ukweli unaohitaji moto ili usimame umeshatiwa doa na wanaoutetea.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo mimi binafsi ilinibadilisha namna ya kufikiri. Athanasius anaeleza jinsi maaskofu pale Nikea walivyotaka kutumia maneno ya Maandiko tu. Walitaka kusema Mwana ametoka "kwa Mungu". Upande wa Arius wakatazamana wakakubali, hata sisi tumetoka kwa Mungu, vitu vyote vimetokana naye, si Paulo kasema. Wakataka kusema Mwana ni mfano wa Mungu, wakakubali tena, hata mwanadamu ameitwa mfano wa Mungu. Ni nguvu ya Mungu, wakakubali, hata nzige na parare wameitwa jeshi kuu la Mungu, yaani nguvu yake kuu, kwenye Yoeli. Kila aya iliyoletwa waliipokea kwa mikono miwili na kuisoma kivyao. Ndo maana likaletwa neno la nje, "homoousios", yaani wa asili moja na Baba, neno ambalo Arius asingeweza kulitamka na kubaki Arius. Na Athanasius anakubali kabisa kwamba halimo kwenye Maandiko, anachouliza ni kwamba na nyinyi mnaosema "kulikuwa na wakati asipokuwepo", hilo nalo mmelitoa aya gani?

Lile swali bado halijajibiwa mpaka leo. Maana ishu haikuwa nani ana aya, wote walikuwa na aya. Ukitaka kusema aya inamaanisha nini lazima utumie maneno mengine zaidi ya yale yaliyoandikwa, la sivyo unairudia tu kwa sauti kubwa. Anayesema Yesu ni kiumbe wa kwanza anatumia maneno yasiyoandikwa hivyo, maana Wakolosai 1:15 inasema "mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote", na huyo "mzaliwa wa kwanza" kwenye Zaburi 89 ni cheo alichopewa Daudi ambaye kwao alikuwa mdogo kuliko wote. Anayesema wa asili moja naye ametoka nje ya maneno. Kinachobaki ni kuuliza ni maelezo yapi yanabeba aya nyingi zaidi bila kuzivunja.

Na sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna mtihani wetu humu ndani ambao naona hatuuongelei vya kutosha. Chukua Yohana 1:1, "naye Neno alikuwa Mungu". Biblia ya Mashahidi wa Yehova imeandika "mungu" kwa herufi ndogo. Kiswahili hakina kile kineno kidogo cha Kigiriki, "ho", kinachotangulia nomino, kwa hiyo kwetu ugomvi wote umeangukia kwenye M kubwa na m ndogo, na maandiko ya kale ya Kigiriki yote yaliandikwa kwa herufi kubwa tupu! Wanaotetea m ndogo wanasema theos, yaani Mungu, ya mwisho pale haina "ho". Ni kweli haina. Ila mstari wa 6 haina, wa 12 haina, wa 18 haina, na huko wote tunasoma Mungu bila kugombana. Hapo naona hoja ya m ndogo ni dhaifu.

Roho sasa. Wengi tunasema Roho Mtakatifu, wenzetu Mashahidi wa Yehova wanaandika roho takatifu, na tofauti nzima ya imani imekaa kwenye ngeli, m- ya mtu au i- ya kitu. Lakini pneuma, yaani roho, kwa Kigiriki sio jinsia ya kiume wala ya kike, kwa hiyo hiyo m- tumeiweka sisi watafsiri na hiyo i- wameiweka wao. Nimewahi kusikia mtu anathibitisha kwamba Roho ni nafsi kwa sababu Biblia inasema "Mtakatifu", nikaumia, maana hiyo ni kuchukua uamuzi wa mtafsiri na kuufanya ushahidi. Ushahidi uko kwingine: Matendo 13:2 Roho anasema, "Nitengeeni Barnaba na Sauli", Waefeso 4:30 anahuzunishwa, Matendo 5 Anania kumwambia Roho uongo ni kumwambia Mungu uongo. Upande wa pili nao wana kitu, Roho anamiminwa, watu wanajazwa, na mtu hamiminwi. Mimi naona rahisi zaidi kueleza mtu kusemwa kama maji kuliko kueleza nguvu inayohuzunika na kusema "kazi ile niliyowaitia", ila sio kwamba wenzetu hawajasoma.

Halafu neno "nafsi". Mungu mmoja, nafsi tatu. Kwenye matumizi ya kila siku nafsi ni mtu na moyo wake na siri zake, ukisema nafsi tatu msikilizaji anaona watu watatu, na Muislamu akikwambia hiyo ni miungu mitatu huwezi kumlaumu, umempa picha hiyo wewe mwenyewe. Mababa wa kanisa hawakumaanisha akili tatu zinazokaa kikao. Lakini lugha yetu ina msaada mmoja mzuri sana, darasani tulifundishwa nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu: mimi, wewe, yeye. Kwenye Yohana 17 Mwana anamwambia Baba "wewe", na kwenye Yohana 16 anamsema Roho kama "yeye". Hii ndo inanizuia kukubaliana na ndugu zetu wa Yesu pekee, wanaosema Baba, Mwana na Roho ni majina matatu ya huyo huyo mmoja kama Sabellius alivyofundisha karne ya tatu. Wana Matendo 2:38, wanabatiza kwa jina la Yesu, na wanaulinda umoja wa Mungu kwa wivu ambao nauheshimu. Lakini ile "wewe" ya kwenye Yohana 17 iwe ni Yesu anajiambia mwenyewe? Hapo mimi nashindwa.

Ukiniuliza aya moja inayonishikilia, sio Mathayo 28:19. Ni 1 Wakorintho 8:6. Kila Myahudi alikiri Kumbukumbu la Torati 6:4, BWANA Mungu wetu, BWANA ndiye mmoja. Kwa Kigiriki hapo kuna maneno mawili, Bwana na Mungu. Paulo anayachukua yote mawili: kwetu Mungu ni mmoja, aliye Baba, na Bwana mmoja, Yesu Kristo, ambaye kwake vitu vyote vimekuwapo. Mpinzani anasema hapo hapo umejifunga, Mungu mmoja ni Baba, Paulo kasema waziwazi, na Yesu amefanywa Bwana kama Petro alivyosema Matendo 2:36. Hiyo ni hoja nzito, kuliko zote walizonazo kwa maoni yangu, na Yohana 17:3 inaiunga mkono. Lakini hawajanieleza Isaya 44:24, pale Mungu anaposema amefanya vitu vyote na kuzitandaza mbingu peke yake, nani alikuwa pamoja naye? Kama vyote vimekuwapo kwa Yesu, na Mungu aliviumba peke yake, basi Yesu hawezi kuwa nje ya hiyo "peke yake". Nimezunguka sana na hilo na sijapata njia nyingine ya kutokea.

1 Yohana 5:7 tuiache jamani. Yale maneno ya mashahidi watatu mbinguni, Baba, Neno na Roho Mtakatifu, hayamo kwenye nakala za kale za Kigiriki, Erasmus, msomi aliyechapisha Agano Jipya la Kigiriki, hakuyaweka kwenye toleo la 1516 na la 1519, akayaingiza 1522 baada ya kelele nyingi. Kuna mtu aliandika maelezo mazuri, yakaishia ndani ya aya. Na kuna kinyume chake: Mathayo 24:36, kuhusu siku ile na saa ile, nakala nyingi za baadaye hazina maneno "wala Mwana". Inavyoonekana kuna wanakili yaliwakwaza, Mwana atakosaje kujua? Wakayaondoa. Ila kwa Marko 13:32 yamebaki: "hata malaika walio mbinguni, wala Mwana, ila Baba." Athanasius alijibu kwamba hakujua kwa ubinadamu wake, na mimi nalishika jibu hilo kwa kuwa sina lililo bora, lakini sentensi yenyewe inapanda ngazi, malaika, kisha Mwana, kisha Baba, na Roho hatajwi kabisa. Siku mtu akinisomea aya hiyo sitaki nimjibu haraka.