Panki, kamera na mwandishi wa mkoani

Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, panki ni kichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani wakishachukua minofu. Mama analikaanga, wateja wamemzunguka. Mwandishi wa hapa akipita anaona biashara. Hubert Sauper kutoka Austria aliona kingine, na filamu yake Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 ikalitembeza panki duniani kama picha ya ufukara.

Nairudia filamu hiyo kila kijana wa habari Mwanza anaponiambia amechoka na stori za kila siku, anataka kuhamia kwenye dokumentari. Namwelewa. Wengi wa waandishi wa mikoani hawana mkataba. Stori isipotoka, hakuna malipo. Na stori yenyewe huishia njiani. MV Nyerere ilipozama karibu na kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, tarehe 20 Septemba 2018, tulihesabu maiti mpaka zikapita 200, kwenye kivuko cha kubeba watu kama 100. Nani alikuwa akiwaruhusu wapande? Hilo lilihitaji miezi ya kukaa Ukerewe, na mhariri alikuwa anataka habari ya saa kumi.

Dokumentari inatoa miezi hiyo. Ila fedha zake mara nyingi zinatoka mbali, na mwenye fedha anakuja na hadithi yake mfukoni. Mwenyeji anabaki kuwa dereva wa mambo yote: kutafsiri, kutafuta watu wa kuhojiwa, kubembeleza mjumbe.

Lawama nazo humwangukia yeye. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa filamu ile, watu wakaandamana Mwanza, na mwandishi wa hapa aliyezungumza ndani yake akaingia matatani hadi uraia wake ukahojiwa. Sauper hakuwa akiishi Kirumba.

Sisemi filamu ilidanganya kila kitu. Watoto wa mitaani walikuwepo, umaskini wa wavuvi ulikuwepo. Dai lake kwamba ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya huja na silaha Afrika ndilo lililoegemea zaidi kwenye kudokeza kuliko kuthibitisha.

Kwa hiyo kijana na aende, ila asiache stori ndogo za mwaloni, maana ndizo zinazompa watu wa kumwamini. Na adai kiti kwenye chumba cha kuhariri, si kwenye gari tu. Mtu wa Kirumba angekaa pale, angalau angeuliza: huyu mama anauza panki shilingi ngapi, na jioni anarudi nyumbani na nini?