Dawa ikikosewa famasi, tumlaumu nani?

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Busia, Uganda, alikuja na bahasha ya kaki mkononi akaniuliza, "Mwanangu, hebu nisomee, hii ndio dawa ya huyu kijana kweli?" Kijana wake ana kifafa, ametumia carbamazepine miaka mingi na ilikuwa imemtuliza. Nikasoma nyuma ya vile vidonge, vimeandikwa carbimazole. Hiyo ni dawa ya tezi ya shingoni, kifafa haiigusi hata kidogo. Alikuwa amemeza siku tatu, na usiku ule alianguka mara mbili, midomo imechanika, maana dawa ya kifafa ukiikatisha ghafla ugonjwa unarudi kwa nguvu.

Watu wa mtaani wakasema famasi ifungwe na aliyeuza akamatwe. Siwalaumu. Sheria ya 1993 ndiyo iliyounda NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, famasi inatakiwa isimamiwe na mfamasia aliyesajiliwa, na yale maduka madogo ya dawa hayaruhusiwi kuuza dawa za cheti. Lakini ukiingia jioni unakuta leseni ya mfamasia iko ukutani, mwenyewe hayupo, anayekuhudumia ni binti mmoja na sisi wote tunamwita musawo, yaani daktari, bila kujua amesomea nini. Hapo mtu akikasirika ana haki.

Sasa upande wa pili. Yule mama alianzia kituo cha afya cha serikali, dawa zilikuwa zimeisha, akapewa karatasi akanunue nje kama wengi wetu tunavyopewa. Karatasi yenyewe niliiona, "Carb" halafu mstari umejikunja kama mnyoo, ugonjwa haujaandikwa, na aliyeandika bila shaka alikuwa na foleni mpaka nje. Kwa hiyo kosa lilianza kabla ya famasi. Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya usalama wa dawa 2017, likasema makosa ya dawa yanagharimu dunia kama dola bilioni 42 kwa mwaka, na majina yanayofanana na mwandiko mbaya ni katika sababu zinazotajwa. Hata nchi zenye kompyuta kila dirisha zinakosea. Na ukifunga haya maduka, mama mwenye mtoto anayechemka saa nne usiku aende wapi?

Mimi naona kungehitajika swali moja tu pale kaunta, "mama, hii ni ya ugonjwa gani?" Basi. Wauzaji wanasema wateja wana haraka na hawapendi maswali, pia kuna aibu, nani anataka kutaja kifafa au HIV mbele ya watu watano wamesimama nyuma yake? Hilo ni kweli na ni zito, nimeona mtu akiondoka bila dawa kwa sababu aliulizwa kwa sauti. Lakini unaweza kumvuta mtu pembeni, au kituo cha afya kiandike ugonjwa kwenye karatasi. Na kwenye bahasha tuandike maneno, "kidonge kimoja mara tatu kwa siku", sio "1x3". Huyu mama alidhani ni kidonge kimoja kwa siku tatu. Fikiria ni Coartem ya mtu mzima, vidonge 4 asubuhi na 4 jioni siku tatu, jumla 24, uandike "4x2" halafu unyamaze, mtu akimeza mara mbili tu akaacha malaria haijaisha, utasema yeye ndiye mjinga?

Kinachoniumiza zaidi ni kilichofuata. Mama alirudi famasi, akabadilishiwa dawa chapchap, akaombwa asiwaambie watu. Hakuna kilichoandikwa popote. Namuelewa yule muuzaji, anajua akiripoti kosa lake atafungiwa na ndiyo ugali wa watoto wake, kwa hiyo hawa wanaotaka adhabu peke yake wanasaidia makosa kufichwa bila kujua. Ila kijana ndiye aliyeanguka, sio yeye. Jana nilipita pale kununua Panadol, maboksi ya carbamazepine na carbimazole bado yamekaa bega kwa bega kwenye shelfu ileile.