Kompyuta ya kwanza: vipande vipya au boksi la ofisini?

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita, ana akiba yake ndogo, na anataka kompyuta ya mezani ya kuhariria video na kuchezea gemu. Anataka aiunge mwenyewe, kipande kwa kipande, kama anavyoona wenzake wa Marekani wakifanya YouTube. Baba yake anasema huko ni kutafuta makuu: nenda Kariakoo, chukua boksi la Dell la mtumba lililotoka ofisi za Uingereza, chomeka, washa, kazi imekwisha. Kesi wameileta kwangu. Miaka mitatu nyuma ningempa kijana ushindi kabla chai haijapoa. Safari hii nimesita.

Kilichonifanya nisite ni ramu, kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi. Kuelekea mwisho wa 2025 bei yake ilipaa, kwa sababu viwanda vinavyoitengeneza vimegeukia mteja mwenye pesa zaidi, yaani vituo vya data vya akili mnemba. Desemba ya mwaka huo Micron, mmoja wa watengenezaji wa ramu, ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, chapa yake ambayo wengi wetu tumeitumia miaka na miaka kwa kuwa ilikuwa ya bei ya kawaida na haikuwa na makuu. Anayeunga kompyuta mpya leo analibeba ongezeko hilo lote yeye. Anayenunua boksi la ofisini anaikuta ramu imo ndani, imeshalipiwa zamani na kampuni fulani huko Ulaya, na mara nyingi SSD, diski ya kasi, nayo imo.

Kuna jambo la pili linalompa baba nguvu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8, ukiacha chache mno. Ofisi nyingi zikaona bora kutoa mashine zote kwa mkupuo. Ndiyo maana kwenye rafu ya muuzaji utakuta Dell mbili za ofisini, OptiPlex 7050 na OptiPlex 7060, zimekaa bega kwa bega, rangi moja, vumbi moja. Tofauti ya tarakimu moja. Lakini ya kwanza kwa kawaida ina prosesa ya kizazi cha 6 au 7, tuseme i5-7500 yenye viini 4, yaani sehemu nne zinazofanya kazi kwa pamoja. Ya pili ni ya kizazi cha 8, na i5-8500 ina viini 6. Kwa anayehariri video viini viwili vya ziada si urembo. Kwa anayeandika barua na kutumia Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, 7050 bado ni mashine nzuri, na aliyeishusha bei ni Microsoft.

Hadi hapo baba anashinda. Tatizo la boksi la ofisini ni kwamba urahisi wake wote uko siku ya kulinunua. Siku unayotaka kulikuza ndipo linapoanza kukudai.

Chukua pawa saplai, kile kipande kinacholisha umeme vingine vyote. Kompyuta ya kawaida ya kuunga mwenyewe hutumia plagi kubwa ya pini 24 kwenye mazabodi, ubao mkuu unaobeba vipande vingine, na pawa saplai ya kampuni yoyote inaingia. Dell na HP kwenye mashine zao za ofisini wameweka plagi zao wenyewe, za pini 6 au 8 kutegemea toleo, na ndani ya boksi unakuta wati 200 au 260 hivi, kwani mhasibu hahitaji zaidi. Ukitaka kadi ya picha yenye nguvu, ile inayochora gemu na video, unabadili pawa saplai. Ukibadili pawa saplai, unahitaji kebo ya kuunganishia plagi. Na kama boksi ni lile jembamba la kulaza, pawa saplai ya kawaida haiingii hata ukiisukuma kwa goti. Unaanza kufikiria kuhamishia mazabodi kwenye kasha jingine, kisha unagundua mazabodi yenyewe haikukatwa kwa vipimo vya makasha ya kawaida. Nimewaona watu waliofika hapo. Walikuwa wameshatumia pesa za kompyuta mpya, na mikononi wana Dell iliyopasuliwa.

Kuna njia ya kupita katikati. Tundu la kadi kwenye mazabodi limepangiwa kutoa hadi wati 75, na zipo kadi zinazoishi ndani ya kiwango hicho bila waya wa ziada. GTX 1650 ya Nvidia ni mojawapo, ingawa baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya, kwa hiyo itazame kadi yenyewe, jina lisikutoshe. RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024 hula wati 70. Ukiipachika moja kati ya hizo kwenye OptiPlex ya kusimama, ile pana, kijana anahariri na anacheza. Lakini ajue kwamba hapo ndipo kwenye dari. Hakuna ngazi ya pili.

Upande wa kijana ni kinyume chake: ghali mwanzoni, kisha unapumua. Chukua soketi ya AM4, yaani tundu la prosesa kwenye mazabodi. AMD, washindani wa Intel, waliianzisha 2016, prosesa zao za kwanza za Ryzen zikaja 2017, na hadi 2024 walikuwa bado wanaitolea prosesa mpya. Mtu aliyenunua mazabodi nzuri ya AM4 miaka hiyo aliweza kuchomoa prosesa ya zamani, kusasisha BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine), kuchomeka mpya, na maisha yakaendelea. Kwa bajeti ya mpwa wangu, prosesa ya kutazamwa ni Ryzen 5 5600G, iliyoingia madukani Agosti 2021 kwa dola 259 na baadaye ikashuka: viini 6, na uwezo wa kutoa picha umo ndani yake, hivyo kadi ya picha inaweza kungoja mpaka akiba ijae tena. Ila picha hizo za ndani hukopa ramu ya mashine. Ili zifanye kazi vizuri zinataka ramu mbili zilizochomekwa pamoja, GB 8 na GB 8, wala si moja ya GB 16. Yaani kile kitu kilichopaa bei ndicho mpango huu unachokihitaji zaidi.

Halafu kuna herufi F. Intel wakiiweka mwishoni mwa jina, kama i3-12100F, wanamaanisha prosesa haina picha ndani. Bei inavutia, kijana ananunua, anaunga usiku kucha, anawasha, feni zinazunguka, monita nyeusi. Hakuna kilichoharibika, hakuna tu cha kutoa picha.

Hiyo monita nyeusi ndiyo hoja ya baba ambayo vijana hawaipi uzito. Kompyuta isipowaka siku ya kwanza, ubovu unaweza kuwa kwenye ramu, mazabodi, prosesa, pawa saplai, au waya mmoja uliolegea. Njia ya kujua ni kubadilisha kipande kimoja kimoja kwa kingine kizima, na mtu anayeunga mara ya kwanza hana kipande kingine. Huko anakotazama video anarudisha mzigo dukani au kwa posta. Huku, mwenye duka la ramu atamwelekeza kwa mwenye duka la mazabodi, naye atamrudisha kwa wa ramu. Boksi la mtumba unaliona likiwaka mbele yako kabla hujatoa hela. Kwangu mimi hoja hii ina uzito kuliko ya bei.

Kadi za picha za mtumba ni mtihani kwa pande zote mbili. Kumekuwa na kadi za kale zilizoandikwa upya BIOS ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti, na RX 580 za AMD zenye viini 2048 badala ya 2304, jina lile lile juu ya kasha. Programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi, tangu 2018 inazitambua nyingi za Nvidia zilizoghushiwa na kuzisema wazi. Iweke kwenye flashi, nenda nayo dukani. Muuzaji akikasirika umepata jibu.

Na umeme wetu tunaujua. Mimi niliwahi kuunguza mazabodi kwa pawa saplai ya bure iliyokuja na kasha. Kibandiko kilisema wati 500. Nilipokuja kukisoma vizuri, kuchelewa, mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 20. Zidisha: 240. Pawa saplai za Dell hazina mbwembwe, lakini wati zilizoandikwa ndizo zinazotoka, na zilizotoka Uingereza zimezoea volti kama zetu. Kwenye mashine za kale za Marekani angalia swichi nyekundu nyuma: ikiwa kwenye 115, usichomeke.

Hukumu yangu basi, kwa ramu ilivyo sasa: OptiPlex ya kusimama, kizazi cha 8, kisha kadi ya wati 75 pesa ikirudi. Kama kijana angekuwa tayari na ramu mbili za DDR4, aina inayotumiwa na AM4, mkononi, au rafiki fundi wa kumwazima vipande vya kupimia, ningegeuka niseme aunge AM4 yake na asimsikilize baba. Hana.

Amenuna kidogo. Anasema kununua boksi si kuunga. Nimemwambia atakapolifungua, kulipuliza vumbi, kubadili pasti ya kupoza prosesa na kupachika kadi, atakuwa ameshika kila kipande isipokuwa mazabodi, na akikosea ana mashine iliyokuwa ikiwaka jana, kwa hiyo anajua kosa ni lake. Jumamosi tunakwenda wote watatu. Yeye atabeba bisibisi na flashi yenye GPU-Z na programu ya kupimia diski, baba yake atafanya kazi ya kubembeleza bei, na mimi nitabonyeza F2 mashine inapowaka ili niingie BIOS, nione kama BIOS inadai nenosiri la ofisi ambayo haipo tena.