Ufunguo wa Projekta na Mengineyo

Leo asubuhi, kabla sijapiga mswaki, kundi la WhatsApp la idara yetu chuoni limelia: kikao cha dharura, saa nne kamili, kuhudhuria ni lazima. Jumatano nimeitenga kwa ajili ya kuandika, na nilimwarifu mkuu wa idara kwa barua, naye akanijibu kwa heshima zote kwamba ameipokea. Bila shaka aliipokea, maana tangu hapo dharura zote za idara hutokea Jumatano.

Nilikusudia kumaliza aya moja ya makala yangu kuhusu Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalikusanywa na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua. Nakala nilizonazo ni hafifu, ziko kwa hati ya Kiarabu, na kila mstari unadai utulivu. Nimezifunika. Muyaka ana subira kunishinda; yuko kusiko na vikao.

Tulichelewa kuanza kwa kuwa akidi haikutimia, na aliyeitimiza alikuwa amekuja kuulizia chai. Tukathibitisha kumbukumbu, tukaingia kwenye Yatokanayo: ufunguo wa kabati la projekta hauonekani. Katibu muhtasi, ambaye kwa hakika ndiye anayeiendesha idara, akanyoosha mkono. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Mama, subiri kidogo, wajumbe bado wanachangia."

Basi tukachangia. Mwanaisimu wetu alitaka kwanza tuainishe aina za upotevu. Mwenzake akasimama "kuongezea nukta ndogo tu, Mwenyekiti", na nukta hiyo ikatufikisha kwenye Azimio la Arusha la mwaka 1967 na jinsi mali ya umma ilivyoheshimiwa enzi hizo. Mwingine akapendekeza aitwe fundi avunje kitasa, akakumbushwa kwamba kitasa kipya ni manunuzi, na manunuzi yanahitaji ankara kifani tatu, yaani bei za wauzaji watatu kwa maandishi. Mama akanyoosha mkono tena. "Mama, tutakupa nafasi kwenye Mengineyo."

Ikaundwa kamati ndogo yenye hadidu za rejea, nami nikateuliwa kuwa katibu wake kwa hoja kwamba Daktari ni bingwa wa kuandika. Tulipofika Mengineyo sambusa zilikuwa zimepoa. Mama akafungua mkoba, akatoa ufunguo uliofungwa kwa kamba ya kiatu pamoja na kipande cha boksi kilichoandikwa PROJEKTA kwa kalamu nyekundu, akauweka mezani, akaketi. Mwenyekiti alimshukuru kwa dhati, kisha akafafanua kwamba kamati ikishaundwa haivunjwi ila kwa azimio la kikao, na ajenda za leo zilikuwa zimekwisha. Tutakutana Jumatano ijayo.

Siku nyingine za wiki sina haja ya kuzieleza. Jumatatu nafundisha ukumbi uliofurika kwa kipaza sauti kinachokoroma. Alhamisi hurudi yule mwanafunzi wa uzamili aliyetoweka muhula mzima, akiwa na sura tatu za tasnifu kwa mkupuo, na kuomba maoni "kabla ya saa nane, mwalimu wangu". Ijumaa najaza fomu ya utendaji, ambayo ina kisanduku cha vikao na kisanduku cha machapisho, lakini haina mahali pa mtu aliyekaa akasoma.

Na hapo ndipo uungwana unaponiishia. Kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi hakuna anayehesabu vikao, yanahesabiwa machapisho. Wale wale walionikalisha kwenye ufunguo mpaka adhuhuri ndio watakaoketi kunijadili na kuuliza, kwa uso mkavu, makala iko wapi. Makala iko wapi! Iko aya ya pili, waheshimiwa, imekwama hapo tangu masika!

Wanaonithamini ni wa barua pepe tu. Jioni hii jarida ambalo makao yake sikuyabaini limeniita "mtaalamu mashuhuri" na kunialika niandike kuhusu maradhi ya figo, makala ikubaliwe ndani ya saa 48, kwa ada ya dola. Mimi na figo wapi na wapi? Niliifuta, kisha nikairudisha nione ada yenyewe. Wanatoa punguzo kwa atakayeleta mwenzake, na bingwa wetu wa nukta ndogo, nijuavyo, mwaka huu hajachapisha kitu.