Wasifu wa marehemu si barua ya kuomba kazi

Jumamosi tumezika huku Kibosho, Kilimanjaro. Meku, yaani mzee, wa miaka 81, watu wamejaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, mpaka barabarani, turubai sita, na mvua yenyewe ikatustahi. Ikafika zamu ya wasifu, msomaji akashika maiki dakika 14. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaajiriwa, akapanda cheo, akahamishiwa Tanga, akarudi, akastaafu. Kisha ugonjwa: presha ilianza lini, sukari iligunduliwa wapi, mguu gani ulivimba, dripu ngapi. Ameacha mjane, watoto watano na wajukuu 12. Bwana alitoa.

Yaani mtu aliyekuwa meku wa mfongo, msimamizi wa mfereji wetu wa asili wa maji, miaka na miaka amezikwa bila maji kutajwa hata tone.

Nyie mnaoandika hizi karatasi usiku wa manane, mmeinamia simu huku kamati ya chakula inauliza mchele umebaki kilo ngapi: hiyo ni sivii. Marehemu haombi kazi.

Chukueni huo mfongo. Mvua kubwa ikinyesha juu, mto unashusha mawe na matope, banio la kuchepusha maji linabomoka, maji yanarudi korongoni. Anayejua kazi anakuwa pale kabla ya mtu wa zamu ya alfajiri. Anapanga mawe kwa mshazari kufuata mkondo, anaziba mianya kwa vigogo vya migomba na majani, anakandika udongo juu. Ukiyapanga kukata mto moja kwa moja, furiko la kwanza linaondoka na kila kitu, na vijana wengi hupanga hivyo hivyo. Halafu ateremke na mfereji akitafuta mashimo ya fuko, maana shimo la ukubwa wa ngumi likiachwa wiki linakula ukingo mzima. Halafu aamue ugomvi wa zamu, kwa sababu wa juu siku zote anachelewa kufunga na wa chini siku zote anasema ameibiwa. Kazi yote hiyo haina mshahara wala barua ya uteuzi, ndiyo maana haionekani kwenye faili mnalonakili. Kwenye wasifu ikawa "alishirikiana vizuri na jamii". Hata mwizi wa kuku anashirikiana na jamii.

Mnakosea kwenye kuuliza. Mkimwuliza mjane "baba alikuwa mtu wa namna gani?", atajibu "alikuwa mtu mwema", atalia, nanyi mtaandika mtu mwema. Mwulizeni akiamka alianzia wapi. Zizini? Kwenye redio? Akitoka mjini alileta nini mfukoni? Nani alikuwa anakuja kuazima nini, na alikuwa anarudisha? Kisha nendeni kwa jirani mliyepakana naye kwa masale, ile mimea ya mpakani, mwulizeni swali moja tu: hii kazi sasa ataifanya nani? Hapo mtasikia mpaka mchoke. Fanyeni hivyo jioni ya kwanza ya msiba, watu wakiwa wameuzunguka moto na hadithi zinatoka zenyewe, simu ikiwa inarekodi juu ya kiti. Msisubiri usiku wa mwisho, maana usiku ule kila mtu anatafuta jenereta.

Sentensi nyingine ya kuifukuza ni "alisomesha watoto wake kwa kahawa". Mmeipitisha kwa pumzi moja kama vile kahawa huwa inajisomesha. Kuchuma nyekundu tu, punje kwa punje, mti uleule mkiurudia kila baada ya wiki mbili hivi. Kumenya jioni ileile kwa mashine ya mkono, kwa sababu ikilala na maganda yake inachacha na daraja linashuka. Kuvundika siku moja au mbili mpaka ute uachie, kuosha, kuanika kwenye vitanda vya wavu, kugeuza, kufunika jua likiwa kali na kila wingu likitokea. Kisha kungoja malipo ya pili ya chama cha ushirika wakati ada inadaiwa Januari. Miaka ya 90 bei ilipoanguka, wengine waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Aling'oa au alibakiza? Alibakiza mistari mingapi, na kwa nini? Hapo ndipo mtoto wake atajua kiatu chake cha kidato cha kwanza kilitoka wapi. Kwa mashine ile ya kumenya, ambayo nusu ya majirani waliiazima na wawili hawakuirudisha na bisibisi yake.

Nakubali, shingo upande, kwamba miaka na shule vina kazi yake. Wajukuu waliozaliwa Dar hawajui hata babu alibatizwa usharika gani, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kilomita zaidi ya 500 wana haki ya kusikia ofisi ikitajwa. Aya moja inatosha. Lakini basi iwe sahihi: linganisheni cheti cha ubatizo na kitambulisho, kwa wazee hawa mwaka wa kuzaliwa mara nyingi ulikisiwa. Chagueni mmoja, mmpe fundi wa msalaba huohuo. Mara ngapi karatasi inasema 1943 na msalaba unasema 1945, watu wananong'ona mpaka kaburi linafunikwa?

Ugonjwa uwe sentensi mbili. Daktari hayupo turubaini.

Urefu: maneno 600, yaani dakika sita kwa mtu asiyekimbia. Herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, zibanwe kwa pini maana upepo wa huku unajulikana. Asome mpwa au mkwe, si mtoto wa mwisho, na asome kwa sauti mara mbili kabla, majina yote. MC akitaka kukata ili salamu za waheshimiwa zipate nafasi, akate salamu.

Sasa lile ambalo kila mtu turubaini alilijua na hakuna aliyefungua mdomo. Ameacha watoto watano. Wa sita alikaa turubai la nyuma, kavaa fulana yenye picha ya baba yake, aliyojichapishia mwenyewe kwa sababu zile za familia zilihesabiwa. Mwandishi atasema ameandika alichopewa, na ni kweli. Ndiyo maana orodha ya watoto isiachwe kwa mwandishi. Iamuliwe na kikao cha ukoo jioni ya kwanza, wazee waitie sahihi, isomwe kama ilivyo. Jina mlilolificha kaburini litarudi siku ya kikao cha mirathi, tena likiwa na hasira. Mnamsifu mtu kwa kupenda familia yake huku mnampunguzia familia.

Karatasi yenyewe huishia mfukoni mwa MC. Nakala nyingine iko kwenye grupu la WhatsApp la msiba, ambalo wiki ya tatu linabadilishwa jina kuwa la harusi na picha inageuzwa. Chapeni tatu. Moja ikae kwenye bahasha pamoja na karatasi za kihamba, moja kwa mtoto mwenye utaratibu, moja kwa mjane. Achieni nusu ukurasa mtupu chini. Desemba mkipanda wote kuja kupalilia makaburi, someni tena, anayekumbuka kitu aongeze. Na jina la yule wa sita, kama hamkuliweza Jumamosi, lina nafasi pale chini, kwa kalamu.