Nilitaka ya Kijani, Nikaletewa ya Buluu

Mimi sina makuu. Ng'ombe mmoja, redio moja, mke mmoja. Jumapili asubuhi kabla ya kanisa naketi kwenye kigoda na kikombe changu cha chai, redio inaweka country, namsikiliza Mmarekani akilia kwamba mke amemtoroka. Wana mashamba makubwa vile na bado wanatorokwa! Napata faraja sana. Huku kwetu Nyandarua, Kenya, muziki huu si mgeni. Jim Reeves na Don Williams tunawahesabu kama wajomba.

Sasa kati ya wajomba hao kuna shangazi mmoja aliyenitesa: Shania Twain. Ni Mkanada, lakini hilo nilishamsamehe. Albamu yake ya 1997, Come On Over, iliuza nakala zaidi ya milioni 40, na sidhani kama hata moja ilinunuliwa kijijini kwetu. Tulikuwa tunarekodi redioni kwa kanda, mtangazaji akidakia katikati. Mpaka leo nikiimba kiitikio kile lazima niseme pia, "Ni saa moja na dakika ishirini."

Novemba 2002 akatoa Up! Hebu sikia uchokozi huu. Nyimbo 19, mwimbaji yuleyule, maneno yaleyale, lakini muziki umepigwa mara tatu: santuri nyekundu ya pop, kijani ya country yenye fidla, buluu yenye ngoma za tabla na mambo ya Kihindi. Nikampigia binamu yangu aliye London: ndugu yangu, hiyo usikose kuja nayo. Akafika Krismasi. Nchi nzima inangoja Rais Moi ashuke, mimi nangoja fidla. Kufungua hivi, nyekundu na buluu.

Ya kijani iko wapi?

Kumbe ya kijani ilienda kwa watu wa Amerika Kaskazini. Sisi wengine wote wa dunia tulishaamuliwa kwamba fidla haituhusu. Nani aliulizwa? Nani alifika Ol Kalou akabisha hodi?

Basi nikawa mzee wa tabla. Alfajiri nakamua, tabla inalia. Nilijipa moyo: albamu ijayo atarudi kwenye country. Nikangoja. Nimesomesha watoto wawili nikingoja. Nimebadilisha mabati. Miaka kumi na mitano, jameni! Hata mkopo wa ushirika niliumaliza kabla hajarudi.

Sababu yenyewe nilipoisikia nilishika kichwa. Kupe! Ndugu yake huyu wetu wa kwenye masikio ya ng'ombe. Alimuuma akiwa kwenye ziara, akamwachia ugonjwa wa Lyme, ugonjwa ukaingia kwenye neva za sauti, koo likagoma. Mimi kupe namjua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Amenimalizia ndama wawili kwa ndigana. Lakini sisi tuna josho! Unampeleka ng'ombe, anatumbukia, anatoka upande wa pili ananuka dawa, mambo yamekwisha. Wenzetu wana mabasi ya ziara yenye vitanda na jiko, josho hawana. Niliyasema haya kwa wageni wa harusi, mama watoto akanikanyaga mguu chini ya meza. Na ndoa ya Shania na Mutt Lange, aliyekuwa akimtayarishia nyimbo, nayo ikavunjika. Hapo sitii neno.

Akaja kurudi Septemba 2017, albamu inaitwa Now. Mwezi huo mahakama ilikuwa imefuta uchaguzi wetu, kila kitu Kenya kilikuwa kinarudiwa, nikaona sawa, hata Shania arudiwe. Sauti imeshuka, imekuwa nzito kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mimi hiyo naipenda, mwaka uliofuata hata akapasuliwa koo ili aendelee kuimba. Shida yangu ni fidla. Nimetega sikio, nasikia rege. Rege! Nikangoja tena. Februari 2023, Queen of Me, pop ya kuchezwa na vijana wanaokunywa vitu vya rangi. Na watangazaji kila mara, "Amerudi! Amerudi!" Amerudi wapi? Mimi nimesimama langoni tangu 2002 na sijamwona akipita.

Juzi kitinda mimba wangu alichoka na manung'uniko. Akachukua simu, akabonyezabonyeza, akanipa. "Baba, si ndiyo hii?" Ndiyo hii. Ya kijani. Bure, sekunde kumi, na mimi nimekasirika miaka zaidi ya ishirini.

Alfajiri nikaenda nayo zizini. Nikaitundika simu kwenye msumari, nikaweka ndoo, fidla ikaanza. Nusura nitoe machozi. Ng'ombe akageuza shingo, akanitazama kama mtu aliyeuziwa tofali badala ya simu. Maziwa hakuna. Navuta, ameyabana. Navuta tena, teke! Ndoo kule, mimi huku, kofia yangu ya kicowboy chini ya kwato, na fidla inaendelea kulia.

Mama watoto akasema kwa sauti kutoka jikoni, wala hakujisumbua kutoka nje:

"Baba nanii, huyo mamake alikamuliwa kwa tabla, nyanyake alikamuliwa kwa tabla. Mwekee ya buluu, watoto wanataka chai."

Nikaweka ya buluu. Lita nne na nusu.